Mhesabuni na Aketiye Nyuma

Hotuba ya redioni. Somo: Luka 14:28–30

Twamsalimu mama aliye jikoni akichochea moto wa chai ya asubuhi, na baba aliyekwisha kukamua ng'ombe. Twamsalimu pia kijana anayepangusa umande katika kiti cha pikipiki yake kabla ya kwenda stendi. Leo neno letu lamhusu huyo kijana hasa, ila sisi wengine tusiondoke, maana tutaona kwamba latuhusu sote.

Sisi tunaozungumza nanyi ni watu wa Kiriaini. Nchi yetu iko kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, katika barabara itokayo Murang'a kwenda Othaya na kufika Nyeri. Ni nchi ya vilima na mabonde. Kila kilima kina chai, na kila bonde lina mto. Zamani mtu alipanda vilima hivyo kwa miguu, na mwenye baiskeli aliisukuma zaidi ya alivyoipanda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile zenye injini ya chini ya 250 cc, na tangu hapo zikaenea kila kijiji. Siku hizi ndizo zinazobeba magunia ya majani chai mpaka kituo cha kununulia, na maziwa, na ndizi, na mgonjwa usiku wa manane.

Lakini pikipiki, kama mwanadamu, huzeeka. Ndipo mwenyewe hujiuliza: je, niifungue injini niiongezee nguvu, au niiuze ninunue mpya? Hata huko Ulaya na Marekani, wenye zile pikipiki za michezo za magurudumu manne huumwa kichwa kwa swali lilo hilo. Mmoja asema nunua mpya, mwingine asema fundi hodari aweza kuifanya kuukuu ipite mpya. Basi tuwaambieni yaliyotupata sisi.

Katika ushirika wetu alikuwako kijana mwenye pikipiki ya 100 cc, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, barabara za udongo mwekundu zinapoteleza kama sabuni, ilikuwa ikimshinda kupanda na abiria na gunia. Akakusanya fedha zake akaenda kwa fundi. Silinda ikachongwa, ikatiwa pistoni kubwa zaidi, na kabureta ikabadilishwa. Siku aliyorudi, ilipanda kilima cha kanisani ikinguruma kama simba, ikawapita wenzake wote. Nasi tuliokuwa tumesimama nje baada ya ibada tukapiga makofi. Naam, hata sisi wazee tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza habari za breki.

Juma la tatu alimpakia mama mmoja wa ushirika wetu, akitoka kituo cha majani chai. Walikuwa wakiteremka kuelekea mtoni. Breki zilikuwa zile zile za zamani, za ngoma, nazo katika mteremko mrefu hupata moto na kulegea. Kijana akakanyaga, akaona mguu unakwenda chini bure. Akachagua kuiingiza pikipiki katika shamba la chai kuliko kuiacha ifike darajani. Yeye alitoka na mikwaruzo. Yule mama alivunjika mguu, akalala hospitalini majuma mengi, na msimu ule majani yake yakazeeka shambani, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyachuma. Mpaka leo hutembea kwa mkongojo.

Wapendwa, kijana yule hakuwa mlevi wala mkorofi. Alikuwa amefanya hesabu yake vizuri. Alihesabu bei ya pistoni, akahesabu ujira wa fundi, akahesabu safari atakazoongeza kwa siku. Ila mtu mmoja hakuhesabiwa, naye ndiye aliyekuwa ameketi nyuma.

Bwana Yesu alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Asema mtu kama huyo huketi kwanza, apige hesabu aone kama anavyo vya kumalizia, asije akaweka msingi akashindwa, watu wakamcheka. Tuangalie jambo hili dogo: huketi kwanza. Tamaa haiketi. Tamaa husimama mlangoni na viatu miguuni. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nasi twaona kwamba hata cha zamani chaweza kuwa kinyemi vivyo hivyo, kikipata ngurumo mpya.

Haukupita muda, jambo hili likaja katika baraza letu sisi wenyewe. Pikipiki ya mwinjilisti wetu, iliyonunuliwa kwa harambee miaka mingi iliyopita, ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kukataa vilima. Baraza likagawanyika. Wengine walitaka injini iongezewe nguvu. Wengine walitaka mpya ya mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Maneno yakawa makali, na ndugu wawili wakatoka bila kupeana mikono.

Juma lililofuata tuliketi tena, tukamwita fundi mmoja mzee. Tukamwomba na yule kijana aje, maana yeye alikuwa na elimu ambayo sisi hatukuwa nayo. Fundi alituuliza maswali matatu, nasi twawapa ninyi kama alivyotupa.

La kwanza: mnaitaka kwa kazi gani? Tukagundua kwamba hatukuwa tumeulizana. Mwinjilisti huenda peke yake, na Biblia na mfuko mdogo, kutembelea makanisa madogo na wagonjwa. Habebi magunia. Hakuwa na haja ya nguvu kubwa. Alikuwa na haja ya kufika na kurudi.

La pili: mifupa yake ikoje? Fundi akaikagua fremu penye viungio, akaona haina ufa. Akatueleza kwamba fremu ikiwa imepasuka, kuitia injini ya nguvu ni kumtwika mzee gunia la kijana, na hapo ni heri kuiacha kabisa. Akasema pia kwamba ule moshi wa buluu ulikuwa oili inayoungua kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Huo ni ugonjwa wa kutibiwa, si sababu ya kuzika.

La tatu: gharama yote ni kiasi gani, na nani atailipa? Tukapiga hesabu ya mkopo. Shilingi 400 kwa siku husikika kama si kitu, lakini kwa siku 365 ni shilingi 146,000. Na washirika wetu wengi hutegemea bonasi ya chai, ambayo huja mara moja kwa mwaka. Tukapiga na hesabu ya kuongeza nguvu: injini iliyochongwa hula petroli zaidi, hupata moto zaidi, huchosha klachi na cheni. Na ukibadilisha injini nzima, huna budi kuandikisha nambari yake mpya kwa wenye mamlaka ya usafiri, wale wa NTSA, la sivyo kitabu cha umiliki kitasema jambo moja na chuma jambo jingine.

Ndipo yule kijana akasimama. Hakusema mengi. Alisema, "Wazee wangu, msinunue nguvu kabla ya kununua breki." Akaketi. Chumba kikanyamaza, maana kila mmoja wetu alikumbuka makofi yake.

Fundi akatufafanulia neno lile. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa ili kuusimamisha huwa mara nne. Kwa hiyo mtu anayeongeza mbio bila kuongeza breki anapunguza breki zake, ingawa hajazigusa.

Basi tuliamua hivi. Breki zikawekwa mpya, mbele na nyuma. Magurudumu yakabadilishwa. Injini ikatiwa ringi mpya, ikarudishwa kwenye nguvu zake za kwanza bila kuzidishwa. Kwa ajili ya vilima, tukaweka sproketi ya nyuma yenye meno matatu zaidi. Hiyo hupunguza mbio kidogo, lakini huongeza uwezo wa kupanda, na katika kuteremka husaidia injini kuizuia pikipiki. Kisha tukafungua mfuko mdogo wa kununua mpya kwa fedha taslimu, siku itakapofika. Hatusemi kwamba kila mtu afanye kama sisi. Anayebeba abiria wawili na gunia kila siku kwa pikipiki yenye fremu iliyopasuka, huyo na auze kwa mnunuzi wa vyuma, anunue nyingine, hata kama itamlazimu kungoja na kutembea kwa miguu.

Jambo jingine tulilolifanya halikuwa la pikipiki. Tulikwenda nyumbani kwa yule mama, baraza zima, tukaomba radhi kwa sehemu yetu. Tukapanga zamu ya kumchumia chai yake. Yule kijana ndiye aliyetangulia shambani, na hujua mwenyewe kwa nini. Mama alitupikia chai. Alisema mguu unamwuma wakati wa baridi, na kwamba siku zile alipolala hospitalini lililomwuma zaidi ni kuona watu wakizungumza habari za ile pikipiki kuliko habari zake.

Ndugu msikilizaji, wewe huenda huna pikipiki. Lakini karibu kila mmoja wetu ana kitu anachotaka kukiongezea nguvu: duka, shamba, cheo, sauti katika mkutano. Si dhambi kutaka nguvu. Ila Mtume Paulo, katika Wagalatia 5, alipoyataja matunda ya Roho aliweka kiasi mwishoni, kama fundi anayekaza breki baada ya kufunga vingine vyote. Kabla hujaongeza mbio, geuka utazame nyuma. Ni nani ameketi pale? Mke wako? Watoto? Mdhamini aliyetia sahihi mkopo wako? Mhesabu na yeye, kwa maana akianguka hataanguka kwa hesabu yake, bali kwa yako.

Tuombe. Bwana, tufundishe kuketi kwanza. Utusamehe makofi tuliyopiga bila kuuliza. Uwalinde vijana wetu katika miteremko yote ya leo, na wale wanaowabeba. Wafikishe nyumbani. Amina.