Kompyuta Ikizimika Ovyo: Je, Ni Prosesa?

 

Juma lililopita tulijifunza kuzitaja sehemu za kompyuta ya mezani. Leo tutajibu barua. Kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa kimeandika kwamba kompyuta yao, waliyoinunua kwa kuchanga, huzimika ghafla wakati mweka hazina anapoandika hesabu. Fundi aliitazama dakika chache tu, akasema, “Prosesa imekufa.” Sasa anataka fedha akanunue nyingine, na fedha hizo ni sawasawa na mkopo wa mwanachama mmoja. Akina mama wanauliza: tumpe?

Mimi nasema wangoje kwanza. Prosesa ni kile kipande bapa kinachofanya hesabu zote za mashine. Ikifa, kompyuta haionyeshi picha hata kidogo. Hii yao huwaka kila asubuhi na kufanya kazi. Maiti gani huyo anayeamka kila siku kwenda kazini? Yaweza kuwa mgonjwa, lakini hajafa. Tena prosesa haina kitu kinachozunguka wala kusuguana ndani yake, kwa hiyo huharibika mara chache. Mara nyingi husingiziwa makosa ya jirani zake.

Basi, jambo la kwanza kabisa ni kunakili hesabu zote za wanachama kwenye flashi. Msifute nakala za zamani. Kisha mzilinganishe na daftari la karatasi, mstari kwa mstari, kwa sababu mashine yenye prosesa mbovu au kumbukumbu mbovu yaweza kuandika tarakimu isiyo kweli, nayo isiseme neno.

Sasa tutafute ugonjwa. Jirani wa kwanza wa kushukiwa ni joto. Prosesa ikifanya kazi hupata moto sana, ndiyo maana juu yake pamewekwa mbavu za chuma na feni. Vumbi likijaa katikati ya mbavu hizo, joto halina pa kutokea. Prosesa hujihami: kwanza hupunguza mwendo, mkaona kompyuta imekuwa nzito, na joto likizidi, karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, mashine hujizima yenyewe. Swali la kumwuliza mweka hazina ni hili: je, huzimika baada ya muda karibu ule ule, na ikiachwa ipoe huwaka tena vizuri? Kama ndivyo, anzeni na vumbi.

Chomoeni waya wa umeme ukutani. Fungueni ubavu wa sanduku. Gusa kwanza chuma kitupu cha sanduku, ili umeme mdogo ulio mwilini usiruke ukaharibu vipande. Ondoeni vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, huku mkiishika feni kwa kidole isizunguke. Kati ya prosesa na mbavu zile pana grisi maalum ya kupitisha joto, ambayo hukauka baada ya miaka. Fundi yeyote aweza kuipaka upya, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya prosesa. Lakini lile sanduku la chuma linalopokea umeme, ambalo mafundi huliita pawasaplai, msilifungue kamwe. Ndani yake hubaki umeme wa kuumiza mtu hata baada ya kuchomoa waya.

Pawasaplai yenyewe nayo ni ya kushukiwa. Ikiwa kompyuta huzimika umeme unapoyumba, au pale inapopewa kazi nzito tu, azimeni nyingine iliyo nzima mjaribu. Kuhusu kumbukumbu, chomoeni vijiti vyake, mvirudishe mpaka visikike “ta!”, kisha mjaribu kimoja kimoja. Iko pia programu ya kupima kumbukumbu inayoitwa MemTest86. Iacheni ifanye kazi usiku kucha. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha vitatu na mashine ikapona, hamtajua kilichokuwa kibovu.

Je, prosesa huwa haina kosa kamwe? La. Kampuni ya Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 13 mwaka 2022 na za kizazi cha 14 mwaka 2023. Baadhi ya zile za kompyuta za mezani, hasa zenye nguvu zaidi, zilianza kuyumba. Mwaka 2024 kampuni ilieleza kwamba zilikuwa zikipata volti nyingi kupita kiasi, na volti hizo zilizichakaza. Dalili moja ilikuwa hii: faili kubwa iliyobanwa inakataa kufunguka, ilhali kwenye mashine nyingine faili ile ile yafunguka vema. Tangu Agosti 2024 kampuni imetoa marekebisho, ambayo huingizwa pamoja na programu ya baiosi ya ubao mkuu. Marekebisho hayo huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa ajili hiyo dhamana ya prosesa hizo iliongezwa miaka 2. Kwa hiyo akina mama wasome jina la prosesa yao. Kama ni i9-13900K au i7-14700K, kwa mfano, watafute risiti kabla ya kutafuta fedha.

Na fundi yule aulizwe kwa upole: umepima joto? Ulijaribu kumbukumbu nyingine? Na pawasaplai? Kama majibu yote ni hapana, bado hajaijua prosesa.

Kazi yenu ya juma hili: kila mmoja aandike katika daftari saa ambayo kompyuta ya darasa au ya jirani ilizimika, na kazi iliyokuwa ikifanywa wakati huo. Juma lijalo tutazisoma habari hizo pamoja. Kwaherini.