Ardhi Isiyo na Mtu

Leo twanena nanyi juu ya ardhi ambayo mwenyewe hayupo.

Apitaye Kimamba na Rudewa, wilayani Kilosa, huona mashamba makubwa ya mkonge ya tangu enzi ya ukoloni. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, mengi yaliachwa yakawa mapori, na watu wakaingia wakalima mahindi. Hatuwaiti wote wezi. Wako waliokuwa vibarua katika mashamba yale yale, wasio na pa kwenda. Serikali nayo imefuta hati za baadhi ya mashamba hayo. Lakini ugomvi wa ardhi katika wilaya hii si mchezo: mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika vita vya wakulima na wafugaji.

Basi mwenye ekari tatu kijijini, anayekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, afanyeje? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kimila isiyotumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kuupumzisha udongo ni matumizi, wala si kutelekeza. Lakini ni nani atakayeshuhudia kwamba shamba limepumzishwa, ikiwa majirani hawajui hata mwenyewe yu wapi? Kwa hiyo yampasa kupanda minyaa au mkonge mpakani, majirani wa pande zote wakitazama, na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulifahamu kinyume. Huogopa kumwazima mtu shamba, wasije wakanyang'anywa, wakaona heri liwe pori. Kumbe hatari iko katika pori. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na mvamizi aliyekaa wazi muda huo wote bila kuulizwa huwa na la kusema. Bali aliyekaribishwa, mahakama zetu zimekwisha kuamua, hawezi kumpokonya mwenyeji wake kwa sababu ya kukaa siku nyingi. Basi mwazime jirani alime mtama au mahindi, mwandikiane mbele ya mashahidi, na asipande mwembe wala mnazi. Miti ya kudumu huleta maneno ya fidia.

Mikumi mambo ni mengine kidogo. Mji umebanwa kati ya barabara kuu ya Iringa na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na viwanja vyatamaniwa. Hapo hati ya kiwanja ina masharti ya kujenga. Asiyejenga asimlaumu mvamizi peke yake, maana hata Serikali yaweza kuifuta hati hiyo.

Na ukirudi ukakuta kibanda shambani mwako, usikichome moto. Tumeona mwenye haki akishtakiwa kwa jinai na shamba likabaki kwa mwingine. Andika siku ulipokiona, waite majirani, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji lisuluhishe. Likishindwa, liko Baraza la Kata, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karatasi ile ya kuazimana uwe nayo mkononi.