Kumrudisha Shuleni Msichana Aliyezaa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona, na wengine hawapendi kulisema kabisa. Walakini jambo la kunong'onwa halitengenei. Hutengenea lisemwapo wazi na kwa adabu. Jambo lenyewe ni hili: msichana wa shule akipata mimba, akazaa, je, arudi darasani? Na akirudi, ni nani atakayemlea mtoto wake?

Kwanza na tueleze amri ilivyo, maana wako wazazi ambao hawajapata habari zake. Katika Tanzania Bara, kwa miaka mingi, msichana aliyeonekana kuwa na mimba alifukuzwa, na huo ukawa mwisho wa masomo yake katika shule za Serikali. Kanuni za mwaka 2002, zilizowekwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kuvunja maadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Mwezi wa Juni, 2017, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Kisha, tarehe 24 Novemba, 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, na wale waliopata mimba wakiwamo, wana ruhusa ya kurudi. Mwongozo wa kulitimiza neno hilo ukatolewa mwezi wa Februari, 2022.

Jambo hili si geni kwa jirani zetu. Kenya iliweka utaratibu wa kuwarudisha wasichana hao tangu mwaka 1994, na Zanzibar tangu mwaka 2010. Basi Tanzania Bara haikuwa ya kwanza kuufungua mlango huu, bali iliwafuata waliotangulia.

Sasa twajua ya kuwa wako wazee wenye shaka, na shaka yao yastahili kujibiwa kwa heshima. Wao husema, "Mkimrudisha huyu, mtawafundisha na wengine kwamba kuzaa si neno." Wasemao hivyo hawana chuki na mtoto, wanahofia wale mabinti waliobaki. Lakini na tuitazame hesabu. Katika uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 na 2016, yaani wakati ule wasichana walipokuwa wakifukuzwa, katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 22. Hatusemi kwamba ruhusa ndiyo iliyoipunguza idadi hiyo, maana ilikuwa haijapata hata miaka 2. Twasema hivi tu: kama kufukuza kungalikuwa kinga, tusingaliona watu wengi hivyo katika miaka ya kufukuza.

Tena na tufikiri kidogo. Msichana aonaye mwenziwe akirudi darasani haoni furaha. Amwona mwenziwe amechelewa darasa moja au mawili, anasinzia kwa sababu mtoto alilia usiku kucha, hana nafasi ya kucheza mpira jioni, na akiba yake ya senti chache imekwenda katika sabuni na nepi. Hilo si jambo la kumvuta mtu alitamani. Na yule mvulana aliyempa mimba, mara nyingi alibaki darasani akaendelea na masomo yake kana kwamba hakuna lililotokea. Ikiwa kosa ni la wawili, mbona adhabu ilikuwa ya mmoja?

Lakini hayo siyo hasa tuliyoyajia leo. Ruhusa imekwisha kutolewa. Neno letu ni kwamba ruhusa peke yake haimfikishi mtu darasani. Wazee walisema zamani, mkono mmoja haulei mwana. Msichana wa miaka 16 mwenye mtoto wa miezi 4 ana mkono mmoja wa kushika kalamu na mmoja wa kumshika mtoto, na hakuna awezaye kuandika hesabu huku akinyonyesha. Basi mlango wa shule umefunguliwa na Serikali, lakini wa kumpisha apite ni watu wa nyumbani.

Sisi tuwafundishao walimu hupokea habari hizi kwa vijana wetu wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha vijijini. Wanasema kwamba msichana huja siku tatu, nne, kisha haonekani. Akiulizwa, hasemi kwamba amechoka na masomo. Husema, "Bibi amekwenda shamba, hakuna wa kumwachia mtoto." Tazameni jinsi neno dogo linavyoweza kuibomoa amri kubwa.

Kwa hiyo na tuigawe kazi hii, kila mtu achukue fungu lake.

Fungu la kwanza ni la nyanya wa mtoto. Mama, waganga wa hospitali hutufundisha kwamba mtoto mchanga hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama kwa miezi 6 ya kwanza, hata maji hahitaji. Basi msichana amnyonyeshe kabla ya kwenda shule, na amnyonyeshe tena mara arudipo. Kwa saa za katikati yaweza kukamuliwa maziwa yake, mikono ikiwa imeoshwa vema kwa sabuni, yakawekwa katika chombo safi chenye kifuniko, mahali penye baridi, yakatumiwa kabla ya saa nyingi kupita. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, maana chupa ni ngumu kusafisha na huleta ugonjwa wa kuhara. Muuguzi wa zahanati atawaonyesha namna yake. Kama shule i karibu, mpelekee mtoto wakati wa mapumziko anyonye. Baada ya miezi 6 mtoto huanza uji na vyakula vingine laini, na kazi yako itapungua uzito.

Twajua nawe una shamba lako, na kisima ki mbali. Hatusemi ubebe peke yako. Panganeni na shangazi, na dada, na jirani mwema: Jumatatu huyu, Jumanne yule. Vijijini mwetu desturi ya kusaidiana kulima na kuvuna haijafa; kwa nini isifae pia kwa kumlea mtoto kwa saa saba?

Fungu la pili ni la baba. Baba mwenye nyumba, twajua ya kuwa umeona haya mbele ya wenzako barazani, na moyo wako umeumia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni kuutunza mtungi usivunjike. Binti akipigwa, au akifukuzwa nyumbani, hatakuwa bikira tena. Atakuwa mtu asiye na kwao, na mwenye njaa, na wa kudanganywa mara ya pili. Akisoma, huenda kesho akakusomeshea wadogo zake. Wala usikubali kulimaliza jambo hili kwa siri, kwa ng'ombe au kwa ndoa ya haraka. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu yasema kwamba mtu ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au amwoaye, aweza kufungwa miaka 30. Na Mahakama ya Rufani, mwezi wa Oktoba, 2019, iliithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyomruhusu msichana kuolewa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vyapingana na Katiba.

Fungu la tatu ni la upande wa yule aliyezaa naye. Sheria ya Mtoto ya 2009 yawapasa wazazi wote wawili kumtunza mtoto wao. Mara nyingine aliyezaa na msichana ni mvulana mwenziwe wa shule, asiye na kitu mfukoni. Hapo yafaa wazee wa pande mbili wakae, waulizane bila matusi: maziwa yatatoka wapi, na nguo, na nauli ya kliniki? Kijana naye afundishwe kwamba kuzaa si mchezo, na kwamba mtu mume hutambulikana kwa kutunza.

Fungu la nne ni letu sisi walimu. Twasema wazi kwa wenzetu: msichana akirudi, aketi dawati kama wengine, aulizwe maswali kama wengine, asahihishiwe kazi zake kama wengine. Asiitwe "mama fulani" mbele ya darasa. Asisimamishwe mbele ya gwaride kuwa mfano wa kuonya, maana mwalimu akicheka mara moja, wanafunzi watacheka mwaka mzima. Akichelewa kwa sababu ya mtoto, kwanza aulizwe, ndipo aamuliwe. Na kila darasa lipewe mafundisho ya kweli juu ya mwili na juu ya mimba, kwa wavulana na wasichana, kabla ya msiba kufika wala si baada yake. Samaki mkunje angali mbichi.

Liko neno jingine ambalo watu wengi hawalitambui. Msichana mdogo aliyezaa aweza kushikwa na huzuni nzito. Hali chakula, halali hata mtoto alalapo, analia bila sababu, hamtazami mtoto wake, au asema hana faida duniani. Hiyo si kiburi wala si uvivu, wala si pepo. Ni ugonjwa, na una dawa na mashauri yake. Apelekwe zahanati upesi, wala asiachwe peke yake. Kadhalika, mwili wa msichana ambao haujakomaa hupata hatari nyingi wakati wa kuzaa. Akiwa anavuja mkojo baada ya uzazi mgumu, asifichwe chumbani: huo ni ugonjwa wa fistula, na mara nyingi huponywa kwa kupasuliwa hospitalini. Wako wanawake waliojificha miaka mingi kwa aibu, na dawa ipo.

Sasa twawaeleza njia ya kufuata. Mzazi au mlezi na amchukue binti wakamwone mkuu wa shule. Wasikawie, maana kila mwezi upitao huzidisha ugumu wa kurudi, na mwongozo una taratibu zake za muda. Kama aona haya kurudi shule ile ile, aulize habari za kuhamia nyingine. Kama mkuu wa shule akikataa, waende kwa Afisa Elimu wa Kata, na kisha kwa Afisa Elimu wa Wilaya, wakaulize kwa adabu ile amri yasemaje. Na kama hawezi darasa la kila siku, ziko njia nyingine. Iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hufundisha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Viko pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, ambamo mtu hujifunza masomo pamoja na ushonaji, upishi, useremala na kazi nyinginezo. Na katika baadhi ya vyuo hivyo pamewekwa mahali pa kuwalelea watoto wakati mama zao wakiwa darasani. Huo ndio werevu hasa: aliyewaza juu ya mama amemwaza na mtoto pia.

Ninyi wanafunzi, neno lenu ni fupi. Mwenzenu akirudi, mwazimeni madaftari yake ya siku alizokosa. Hilo halina gharama, nalo lafaa kuliko nasaha nyingi.

Nawe binti uliye nyumbani, umsikilizaye mtu huyu huku mtoto amelala mapajani pako, twakuambia: kuteleza si kuanguka. Uliyoyajua ya Kidato cha Pili hayajafutika kichwani mwako. Kesho asubuhi mwambie mama, au shangazi, au yeyote akupendaye, "Nataka kurudi." Neno hilo likiisha kusemwa, kazi iliyobaki ni yetu sisi wakubwa, na tusipoifanya lawama si juu yako.

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo, baada ya kula, ulizaneni nyumbani swali moja tu: katika mtaa wetu, ni nani aliyezaa akaacha shule, na sisi twaweza kumshikia mtoto siku gani? Kama katika kila kitongoji akipatikana mtu mmoja wa kusema, "Jumatano mlete kwangu," basi amri ile ya mwaka 2021 itakuwa imefika kijijini. Kwaherini, mlale salama.