Rafiki Yangu Mwenye Daftari
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya ndugu yetu tuliyemzika juma lililopita. Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, tena ya darasa za chini, na kazi yangu ni kufunga na kufungua mabehewa. Lakini marehemu nilimjua tangu tulipokuwa watoto wa kuchunga mbuzi. Nisiposema mimi, nani atasema?

Kwetu ni karibu na Kibos, stesheni iliyo jirani ya Kisumu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na sisi tulizaliwa tukaikuta. Gari la mizigo lilipopita tuliacha mbuzi, tukashindana kuhesabu mabehewa. Mimi nikisema 30, yeye husema 31. Nikibisha, hunijibu, "Umesahau la gadi. La mwisho nalo linahesabiwa." Shuleni pia ilikuwa hivyo: mimi niliweza kusoma, yeye aliweza hesabu, tukasaidiana mpaka tukamaliza.

Tuliandikwa kazi pamoja hapa Nairobi. Wengi wenu mliofika yadi mkiwa wageni, yeye ndiye aliyewafundisha. Mnakumbuka maneno yake: usiingie katikati ya mabehewa mpaka umeona kwa macho yako kwamba yamesimama, na dereva amekuona. Mkubwa akipiga kelele kwamba gari limechelewa, mwache apige kelele. Gari lililochelewa hufika, mtu aliyebanwa hafiki.

Mlimwita Bwana Daftari kwa sababu ya mfuko wetu wa kusaidiana wakati wa msiba. Kila siku ya mshahara alikaa kwenye sanduku lake, daftari magotini, akiandika. Mfagiaji alitoa kidogo na dereva alitoa zaidi, lakini kila mmoja aliandikwa jina lake kamili, akatiwa sahihi mbele ya macho yake. Mtu akisema, "Hiki kidogo changu kitafanya nini?" alimweleza habari za Mombasa. Mwezi wa Januari 1947 watu wa reli, wa bandari na wa kazi nyingine waliweka kazi chini karibu majuma mawili. Walikutana kila siku katika uwanja, nao wakauita Kiwanja cha Maskini. Halafu huuliza, "Je, nani kati yao alikuwa tajiri?"

Sasa nina neno ambalo si rahisi kwangu, lakini nalisema mbele yenu.

Mwaka mmoja mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilimwendea marehemu usiku, nikamwomba anitolee fedha za mfuko kwa siri, nitazirudisha mwisho wa mwezi. Akakataa. Akasema, "Fedha hizi si zangu, nawe hujafiwa." Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba amesahau tulikotoka. Siku mbili baadaye alikuja na fedha zake mwenyewe, akaziweka mezani, akaenda zake. Nilizichukua, lakini kwa aibu na kiburi sikusema naye miezi mitatu. Tulifanya kazi zamu moja, tukipeana ishara za taa tu. Mwisho yeye ndiye aliyenisalimu kwanza.

Wazee husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilitaka rafiki wa kuniibia, naye akawa rafiki wa kunisaidia.

Alipolazwa hospitali alinipa daftari. Baada ya mazishi tulihesabu fedha mara tatu, sisi watu wanne, mbele ya Mwenyekiti. Haikupungua hata senti moja. Deni langu kwake halikuandikwa humo, maana lilikuwa jambo letu wawili. Lakini nusu yake sijalipa, naye amekufa. Dawa ya deni ni kulipa, kwa hiyo nitamlipa mjane wake, na ninyi mmekuwa mashahidi.

Ndugu zangu, mjane huyo ana watoto wanne, na nyumba anayokaa ni nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo huondoka. Mfuko ule alioulinda kwa ajili ya wajane wa wengine, leo ni zamu ya mke wake. Nimesoma daftari: wako watu kumi na mmoja ambao hawajatoa kwa miezi miwili au zaidi. Sitawataja majina, maana yeye hakumwaibisha mtu. Kila mmoja anajijua. Naomba walipe siku hii ya mshahara ijayo. Tena naomba tuchague mshika daftari mpya leo, na mwingine wa kuhesabu pamoja naye.

Na tukihesabu watu wetu, tusimsahau wa mwisho.

Mungu amlaze mahali pema.