Sakawa wa Getembe, Mtu Asiye na Kaburi

Kijana wa Nyakoe ametuletea swali. Ametazama filamu ya Kichina, akamwona mzee mwenye joho akiongoza mazishi kwa kengele na ngoma. Anauliza: yule ni padri au mganga?

Yule ni daoshi, kuhani wa dini ya Dao. Wengine hukaa monasterini bila kuoa. Wale wa tawi la Zhengyi wana mke na watoto, na mara nyingi kazi wameirithi kwa baba. Nao wanaiandikia mbingu barua! Kuhani huandika ombi rasmi, akataja jina la mwenye shida na anakokaa, akalisoma, kisha akalichoma lipande juu na moshi.

Kwetu Gusii, Engoro, yaani Mungu, hakuandikiwa barua. Ulikwenda kwa omoragori, yaani mpiga ramli, mara nyingi mama, akakwambia ebirecha, roho za mababu, wanadai nini, kama ni mbuzi au ni kuku. Hayo mnayajua. Mimi leo namtaka Sakawa, nabii wetu.

Sakawa! Mzungu hajafika, naye amesimama Getembe, penye mji wa Kisii leo, akiwaonyesha watu: hapa patajengwa nyumba za wageni, hapa watakaa askari. Ndivyo wazee wanavyosimulia. Mwaka 1902 akatoweka. Mwaka 1907 Waingereza wakajenga boma, wapi? Getembe!

Ujumbe umeingia, mama anasema nisimsahau Moraa. Nitamsahauje? Moraa Ng'iti ndiye aliyemtia moyo Otenyo, mpiganaji wetu, naye Otenyo akamchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, Januari 1908. Northcote akapona. Otenyo akauawa, na vijiji vikachomwa. Moraa atapata siku yake nzima, mama.

Leo ni Sakawa na kaburi lake. Wako wanaosema alikufa kama sisi sote. Wako wanaosema hana kaburi, atarudi. Basi Septemba 1914 Wajerumani wakaingia Kisii, wakapigana na Waingereza, pande zote zikaondoka. Boma tupu! Watu wakasema, si haya ndiyo aliyoyanena Sakawa, kwamba wageni wataondoka? Wakaingia, wakabeba mali, na serikali iliporudi ikawaadhibu vikali.

Jina halikuzimika. Wafuasi wa Mumbo, dini iliyoanzia Alego mwaka 1913, wakalishika, mpaka 1921 viongozi wao wakahamishwa hadi Lamu. Lamu, wasikilizaji, huko baharini! Kwa maneno ya mtu aliyetoweka miaka 19 nyuma, asiyeacha hata karatasi moja.

Wa Nyakoe, kama kuna mzee hapo nyumbani, mwulizeni Sakawa alionekana wapi mara ya mwisho. Kisha nipigieni.