Diski Mpya Katika Kompyuta ya Zamani: Mazungumzo kwa Viongozi wa Vyama vya Msingi



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la chama mara nyingi limo ndani ya kompyuta: kilo alizoleta kila mkulima, malipo ya awali, makato ya pembejeo na salio lake. Diski ya kompyuta hiyo inapojaa, chama hununua diski mpya badala ya mtambo mpya. Uamuzi huo ni wa busara. Lakini mara nyingine diski mpya hufungwa na isionekane, au ikaonekana pungufu. Hapo ndipo haraka huweza kuharibu kazi ya misimu mingi.

Kwanza, nakala. Kabla ya kasha kufunguliwa, kumbukumbu zote zinakiliwe nje ya kompyuta ile, na nakala ifunguliwe kuthibitisha kuwa inasomeka. Mtunza hesabu asiye na nakala asishike bisibisi.

Pili, diski isiyoonekana kabisa. Kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe ukutani. Diski ina waya mbili: ya umeme na ya kupitisha kumbukumbu. Zote zichomolewe na kuchomekwa upya kwa uthabiti. Mtambo ukiwashwa, diski ya sahani hutetemeka kidogo. Isipotetemeka, ijaribiwe waya nyingine ya umeme. Ikitetemeka bila kuonekana, ibadilishwe waya ya kumbukumbu, kisha tundu lake.

Baadaye itazamwe orodha ya programu ya msingi ya mtambo, ambayo mafundi huiita BIOS. Jina la diski likiwamo humo, waya hazina kosa. Huenda diski ni tupu tu na haijatayarishwa, kama daftari lisilopigwa mistari. Kazi hiyo hufanywa kwa programu ya kusimamia diski, na hatari yake ni moja: kuitayarisha diski ya zamani kwa kudhani ni mpya, na kufuta kila kilichomo. Watu wawili wahakikishe ukubwa na jina la diski kabla ya mmoja kubonyeza kitufe.

Tatu, diski pungufu. Diski ya gigabaiti 500 ikionyesha 465, hakuna aliyepunjwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa baiti 1,000,000,000, na Windows kwa baiti 1,073,741,824. Mzigo ni uleule. Mawe ya mizani ndiyo tofauti.

Upungufu mwingine ni wa kuogopwa. Mpango wa zamani wa kugawa diski, uitwao MBR, pamoja na baadhi ya programu za zamani za kuendeshea diski, huhesabu visehemu vya baiti 512 kwa namba za biti 32. Hesabu hiyo hukoma karibu na terabaiti 2.2. Programu kama hizo zikipewa diski ya terabaiti 3 hufika mwisho wa hesabu, zikaanza upya, na kuonyesha gigabaiti 746 tu. Mitambo ya zamani zaidi, yenye hesabu ya biti 28, hukomea gigabaiti 137. Mfumo usiojua mpaka wake unaweza kuandika juu ya kumbukumbu za mwanzo bila kutoa onyo lolote.

Mpango mpya, uitwao GPT, hauna mpaka huo, lakini Windows XP ya biti 32 haiusomi. Kwa hiyo chama chenye mtambo wa zamani kinunue diski isiyozidi mpaka wa mtambo wenyewe. Kwa mitambo mingi iliyo na matundu ya SATA, terabaiti 2 ni salama, nazo ni nyingi mno kwa hesabu za chama cha msingi.

Ndugu Viongozi, diski ni mali ya chama, lakini kilichomo ni jasho la wanachama. Diski ya zamani ibandikwe tarehe na kufungiwa kabatini mpaka hesabu za msimu zikaguliwe na kupitishwa na mkutano mkuu. Mkulima akiuliza salio lake, apewe jibu kutoka kwenye kumbukumbu, si maelezo ya jinsi zilivyopotea.