Ulikuwa Wapi Siku ya Mkutano?

(Hotuba iliyosomwa Bagamoyo, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya maendeleo ya vijijini. Nitasema jambo moja tu, nalo ni kukiri kosa langu.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa; zikarudishwa mwaka 1984. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 iliyozirudisha ilisema pia kwamba kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho kijijini. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huchaguliwa nao. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza Halmashauri kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali.

Ndugu zangu, pwani yetu hii, toka Mbweni hata Saadani, ardhi inatafutwa na wengi: wa mahoteli, wa viwanja, wa mashamba ya chumvi. Sheria hiyo ndiyo ngao yetu.

Mimi niliijua. Lakini nilikaa Dar es Salaam, nyumbani nikienda kwa harusi na mazishi tu. Siku moja nikakuta njia ya kushukia dikoni imefungwa kwa seng'enge. Wavuvi wanazunguka mbali, nyavu mabegani. Kumbe mkutano uliitishwa mara mbili, watu hawakutosha. Mara ya tatu karatasi ikapitishwa nyumba kwa nyumba, watu wakatia sahihi bila kusomewa. Shangazi yangu akaniambia, "Sisi tulitia sahihi, mwanangu. Wewe uliyesoma ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nawaombeni. Mkutano Mkuu huitishwa kila miezi mitatu: tuhudhurie. Mapato na matumizi yasomwe, tuulize. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Nanyi vijana, mkifika miaka 18, nendeni na daftari na kalamu, mkae karibu na wazee wasioona maandishi vizuri. Elimu hii mlipewa kwa jasho lao.